Hakuna Anayezaliwa Mnyang'anyi



Wapendwa wasomaji wetu, majuma machache yaliyopita, baada ya Misa ya kwanza, mama mmoja wa jumuiya zetu ndogo ndogo alitusubiri mlangoni pa sakristia akiwa amefunika kitu kwa kanga. Baada ya salamu alikifunua. Kilikuwa kitabu kikubwa chenye jalada gumu, na juu ya jalada limechorwa dubwana lenye macho mengi. "Baba," alisema kwa sauti ya chini, "mjomba wake amemletea mwanangu kitu hiki kutoka ng'ambo. Kila Jumamosi anakaa sebuleni na wenzake, wanarusha dadu na kupiga kelele kwamba wameua. Nikichome moto?"

Hatukumjibu papo hapo. Tulimwomba ruhusa ya kwenda kuketi na vijana hao Jumamosi moja kabla ya kusema lolote, kwa maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Tulikwenda, tukakaa tangu saa nane hadi magharibi, na tangu siku ile tumesoma na kuulizia mengi. Tuliyoyaona ndiyo yaliyotufanya tuandike tafakari hii, tena kwa ukali kidogo, mtuwie radhi. Tunasema wazi tangu mwanzo: wengi wanaoipiga vita michezo hii wanapigana na adui asiyekuwapo, na wengi wanaoitetea wanalikwepa swali lililo kubwa kuliko yote. Swali hilo halihusu uchawi. Linahusu kijiji kinachochomwa moto, na yule anayekichoma.

Kwa faida ya wasioujua, mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa nchini Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Wachezaji wachache huketi mezani. Mmoja ni msimulizi: yeye ndiye anayeeleza dunia ilivyo, na ndiye anayesema kwa niaba ya kila asiye mchezaji, kuanzia mfalme hadi mbwa wa mlangoni. Wengine, kila mmoja hushika nafasi ya shujaa mmoja. Msimulizi hueleza kilichopo, mchezaji husema atakalofanya, na dadu, hasa ile yenye pande 20, huamua kama limefaulu au limeshindikana. Kutokana na mchezo huo imezaliwa michezo mingine mingi, ya mezani na ya kompyuta.

Ndani ya michezo hiyo lipo tukio moja linalorudi kama kiitikio cha wimbo. Kuna kijiji pembezoni mwa nchi. Usiku mazimwi yanashuka kutoka mlimani. Pengine ni magoblini, viumbe wafupi wenye hila. Pengine ni maorki, wenye nguvu na meno yaliyochomoza. Wanachoma maghala, wanaua, wanateka. Asubuhi mzee wa kijiji anawalilia mashujaa waliopita njia na kuwaahidi dhahabu. Mashujaa wanafuata nyayo hadi pangoni, wanaua waliomo, wanachukua mali, wanarudi kupongezwa. Kisha wanaondoka zao, na kijiji hakitajwi tena.

Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi ile. Msimulizi, kijana wa kidato cha tatu mwenye adabu nzuri, alikiteketeza kijiji kizima kwa sentensi moja. Tulimwuliza kijiji hicho kinaitwaje. Alitutazama, akacheka kwa haya, akajibu: "Padre, hakina jina. Ni kijiji tu."

Wapendwa, jibu hilo halikututoka moyoni.

Lakini kabla ya kulirudia, hatuna budi kuliondoa njiani shtaka la zamani. Katika miaka ya 1980 huko Marekani ilienea hofu kubwa kwamba mchezo huu ni mlango wa Shetani. Mwaka 1983 mama mmoja, aliyempoteza mwanawe kwa kujiua, alianzisha chama cha kuupinga. Wahubiri wakaupokea mwito wake, na magazeti na televisheni vikaueneza. Tunamwonea huruma mama yule kwa moyo wote. Hata hivyo, ushahidi kwamba mchezo huo ndio unaowaua vijana haukupatikana, na miungano ya uchawi inayosemwa mezani ina nguvu sawa na ya hadithi za sungura na fisi. Tena jambo moja linashangaza. Toleo la pili la mchezo lilipotoka mwaka 1989, kampuni iliyouchapisha iliyaondoa majina ya mashetani na mapepo ili kuwanyamazisha walalamikaji. Walalamikaji walipata walichokidai. Lakini pango lililojaa maorki waliozaliwa waovu, wake zao na watoto wao, lilibaki pale pale, na hakuna mhubiri aliyelipigia kelele. Waliogopa jina la pepo kitabuni, wasiogope fundisho lililokaa kimya chini yake!

Basi, kosa liko wapi? Sisi tunaliona mahali patatu.

Kwanza, liko katika kijiji kisicho na jina. Tuzitazame hesabu za mchezo wenyewe, maana hesabu hazina haya. Katika kitabu cha mazimwi cha mwaka 2014, kile kile alichotuletea mama yule, mwanakijiji wa kawaida ana alama 4 za uhai, na mkononi ana rungu. Orki ana alama 15 na shoka kubwa. Pigo dogo kabisa la shoka hilo huondoa alama 4. Maana yake ni kwamba orki akimfikia mkulima mara moja tu, mkulima amekwisha. Na kwa mujibu wa dadu, humfikia mara nne katika kila mara tano anazojaribu. Mkulima naye humpata orki nusu tu ya mara anazojaribu, na huhitaji kumpata kama mara sita ili amwangushe. Kwa hiyo wakulima hawakuwekwa pale ili wajitetee. Waliwekwa ili wafe, na kufa kwao kumpe shujaa sababu ya kuanza safari.

Liko jambo jingine katika kitabu hicho. Kila kiumbe kina bei yake kwa alama za uzoefu, zile zinazomkuza mchezaji akimshinda. Orki ni alama 100. Goblini ni alama 50. Mwanakijiji naye ana bei: ni 10. Hatusemi kwamba watunzi walitaka wakulima wauawe. Tunasema kwamba katika daftari la mchezo mkulima amehesabiwa kwa thamani ya maiti yake, na hakuna ukurasa wenye hesabu ya thamani ya kumwokoa. Msimulizi anaruhusiwa kutoa alama kwa mambo mengine apendavyo. Lakini bei iliyochapishwa ni ya kumshinda adui.

Desturi hii ni ya zamani. Ipo hadithi ya mchezo iliyotungwa na Gygax mwenyewe, inayoitwa The Keep on the Borderlands, ambayo kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilitiwa ndani ya kasha la wanaojifunza, hata vijana wengi sana wakaanza kucheza kupitia hiyo. Ndani yake mna ngome ya wanadamu mpakani, na karibu yake bonde lenye mapango ya mazimwi. Watu wa ngome wameelezwa silaha zao na fedha zao. Majina yao hayakuandikwa. Kuna mhunzi, kuna mwenye nyumba ya wageni, kuna kasisi, kuna mkuu wa ngome. Kila mmoja anaitwa kwa kazi yake. Waweza kusema kwamba mtunzi alimwachia msimulizi ayajaze majina mwenyewe, na ni kweli. Lakini ni wasimulizi wangapi waliyajaza? Yule wa kidato cha tatu hakujaza.

Pili, kosa liko katika uvamizi usio na sababu. Wazee wetu waliojua uvamizi wa kweli wanafahamu kwamba mvamizi ana kalenda yake. Mwongozaji wa filamu wa Kijapani Akira Kurosawa aliijua kanuni hiyo alipotengeneza Seven Samurai mwaka 1954: majambazi wanasimama kilimani juu ya kijiji, wanakumbuka kwamba walishauchukua mpunga, na wanaamua kusubiri hadi shayiri iive, kwa sababu kabla ya mavuno hakuna cha kuiba. Filamu nzima imesimama juu ya busara hiyo ya kiuchumi. Wakulima wana majina, wana hofu, wana siri zao, na mwishoni wanapigana wenyewe kwa mikuki ya mianzi.

Lakini katika mchezo wa kivivu mazimwi hayasubiri mavuno. Hayana njaa, hayana ukame, hayana mkubwa anayeyatoza kodi, hayajafukuzwa na yeyote mahali yalipokaa. Yanavamia kwa kuwa ni siku ya mchezo. Tulimwuliza kijana wetu, "Magoblini hawa walitaka nini?" Akafikiri. "Kuharibu tu, Padre." Mwanangu, hakuna kiumbe anayetembea usiku kucha mlimani ili kuharibu tu.

Ni haki tuseme kwamba wapo watunzi walioliona jambo hili. Katika Red Hand of Doom, hadithi ya mwaka 2006 iliyotungwa na Richard Baker na James Jacobs, jeshi la wavamizi linateremka bondeni siku kwa siku, mji baada ya mji, na kazi mojawapo ya mashujaa ni kuwashawishi watu wa mji mdogo wa kwenye kivuko wahame kabla halijafika. Katika Hoard of the Dragon Queen, ya mwaka 2014, mji wa Greenest unavamiwa usiku na kundi linalotafuta mali, kwa kuwa wakubwa wake wanakusanya hazina kwa shabaha yao maalumu. Mashujaa wanaitwa kukilinda kinu cha kusagia nafaka na kuwatoa watu waliojifungia hekaluni. Kinu! Mtunzi aliyekumbuka kinu amekumbuka kwamba watu wa kijiji watahitaji kula kesho. Huo ndio mwanzo wa huruma. Basi jambo hili linawezekana ndani ya mchezo ule ule, kwa dadu zile zile. Anayeliacha ameliacha kwa hiari yake.

Tatu, na hapa ndipo kiini cha yote, kosa liko katika adui aliyezaliwa mwovu. Mchezo huu tangu mwanzo umewagawa viumbe kwa mwelekeo wa roho, na kwa miaka mingi kabila zima liliandikiwa uovu kama vile linavyoandikiwa rangi ya ngozi na urefu wa kimo. Lakini vitabu hivyo hivyo viliweka pangoni majike na watoto. Katika yale mapango ya The Keep on the Borderlands wamehesabiwa chumba kwa chumba, pamoja na wadogo wasiopigana. Mashujaa wakishawaua mababa, watawafanyaje watoto? Swali hili limewatesa wachezaji kwa karibu miaka 50.

Gygax aliulizwa habari hizi mwaka 2005, miaka mitatu kabla ya kifo chake, na alijibu. Katika mchezo wake yuko shujaa aitwaye paladini, askari mtakatifu aliyefungwa kwa kiapo cha wema. Gygax alisema kwamba paladini anaweza kumwua mateka mwovu aliyejisalimisha, hata yule aliyekwisha kuukana uovu na kushika wema, ili aende kwenye thawabu yake kabla hajarudi nyuma. Tena akautetea msemo wa kale wa kwamba mayai ya chawa hutoa chawa, akijua kwamba msemo huo unahusishwa na Kanali John Chivington. Huyu Chivington ni nani? Ni mtu aliyekuwa mhubiri, ambaye tarehe 29 Novemba 1864 aliwaongoza askari dhidi ya kambi ya Wacheyenne na Waarapaho huko Sand Creek, Colorado. Watu wale walikuwa wakitafuta amani na walidhani wako salama. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake, watoto na wazee.

Tazameni basi safari ya wazo hili. Lilianza kwa watu wa kweli, likafika kwenye kambi ya kweli iliyochomwa, kisha likaja kukaa mezani, likavalishwa taji la utakatifu na kuitwa wema. Hapo hatuwezi kunyamaza na kusema, "Wacha watoto wacheze."

Imani yetu haimruhusu yeyote kusema hivyo hata juu ya Ibilisi mwenyewe. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulifundisha kwamba Ibilisi na mapepo wengine waliumbwa na Mungu wakiwa wema kwa maumbile yao, na kwamba walijifanya waovu wao wenyewe. Ikiwa hata pepo hakuumbwa mwovu, mtoto wa goblini, ambaye yupo katika mawazo yetu tu, ameupata wapi uovu wa kuzaliwa? Tumempa sisi. Kuwaza kiumbe mwenye akili, anayesema, anayelia, anayelea watoto, lakini asiyeweza kuwa mwema, ni kuwaza kazi ambayo Muumba hakuifanya.

Hili lilimsumbua hata yule aliyewaeneza maorki duniani. J.R.R. Tolkien, Mwingereza na Mkatoliki mwenye imani imara, aliwajaza katika The Lord of the Rings, iliyotoka mwaka 1954 na 1955. Msimamizi wa duka la vitabu la Kikatoliki mjini Oxford alimwandikia kumwuliza juu ya mafundisho ya dini ndani ya kazi hiyo. Katika rasimu ya jibu la mwaka 1954, ambalo hatimaye halikutumwa, Tolkien alikaribia kuwaita maorki viumbe wasioweza kukombolewa, kisha akajizuia, akiona kwamba amevuka mpaka. Aliendelea kuhangaika na asili yao hadi uzeeni bila kupata jibu lililomridhisha. Mtunzi mkuu alikosa usingizi kwa ajili ya maorki wake. Sisi tunawaua kati ya soda na maandazi.

Tena tukumbuke jambo ambalo kila Mkristo analijua tangu katekesi. Waliosulubiwa pamoja na Bwana walikuwa wanyang'anyi wawili. Mmoja wao, katika saa yake ya mwisho, aligeuka, na akaahidiwa Paradiso. Huyo wa kwanza kuahidiwa mbingu kwa kinywa cha Bwana mwenyewe alikuwa mvamizi, mtu wa kazi ile ile ya magoblini wetu! Hakuna mtu pale Kalvari aliyekuwa na haki ya kumharakisha kufa eti asije akarudi nyuma.

Tunajua mtajibu nini, nanyi mna haki ya kujibu. Mtasema: "Padre, ni mchezo tu. Orki hayupo. Hakuna aliyekufa." Ni kweli, hakuna aliyekufa. Lakini mchezo ni mazoezi ya mawazo, na mawazo yanayozoezwa kila Jumamosi hayabaki mezani. Mtasema tena: "Watoto wanahitaji hadithi zenye uovu ulio wazi, ili waupende wema." Hilo pia ni kweli. Babu zetu walitusimulia zimwi linalomeza watu, na hatukuwa wauaji. Lakini zimwi la babu halikuwa kabila. Halikuwa na kijiji chake, mke wake na mtoto wake mgongoni. Lilikuwa njaa yenye miguu, basi. Tofauti ni kubwa mno kati ya hadithi ya jitu moja lililo ovu, na hadithi ya taifa zima ambalo hata kitoto chake ni kiovu. Hadithi ya kwanza hufundisha ujasiri. Ya pili tumeiona ikitendeka. Mwaka 1994, nchini Rwanda, kabla panga halijashikwa, jirani aliitwa mende. Hatusemi kwamba mchezo wa dadu uliwafikisha watu huko, haukuhusika kabisa. Tunasema kwamba sisi wa ukanda huu, kuliko watu wengine wote, tuna sababu ya kushtuka tunapomsikia mtoto akisema kwamba kuna watu waliozaliwa ili kuuawa.

Wala hatusemi kwamba kijiji kisilindwe. Mlinzi anayesimama langoni usiku na kumzuia mvamizi kwa nguvu anatimiza wajibu wake, na Kanisa halijawahi kumlaumu anayeilinda nyumba yake kwa kiasi kinachopasa. Kupigana langoni ni jambo moja. Kuwafuata wadogo ndani ya pango ni jambo jingine.

Wengine watatwambia kwamba mambo yamekwisha kurekebishwa. Ni kweli yamebadilika. Mwezi Juni 2020 kampuni ya Wizards of the Coast, ambayo ndiyo yenye mchezo, ilitangaza kwamba maorki na wenzao wataelezwa kama watu wenye wema na uovu ndani yao, sawa na wengine. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 2024 orki ni mmoja wa watu ambao mchezaji anaweza kushika nafasi yao, na kitabu kipya cha mazimwi, kilichotoka mwaka 2025, hakimtaji tena miongoni mwa mazimwi yake. Tunashukuru. Lakini kumwondoa orki kitabuni hakumwondoi moyoni. Mahali pake amebaki jambazi, ambaye ni mwanadamu, naye anauawa vile vile bila kuulizwa kilichomtoa kwao. Katika mchezo wa kompyuta uitwao Skyrim, wa mwaka 2011, kambi ya majambazi uliyoimaliza hujaa tena baada ya siku 30 za mchezo, na mtawala wa mji hukupa tena dhahabu ukawaue. Majambazi wale hawatoki popote. Mashine inawazaa wakiwa na silaha mkononi. Uovu usio na chanzo hauna mwisho. Na vita isiyo na mwisho ni biashara nzuri kwa anayelipwa kwa kila kichwa.

Linganisheni na mchezo mwingine wa kompyuta, Dwarf Fortress, ambao ndugu wawili Wamarekani, Tarn na Zach Adams, waliutoa mara ya kwanza mwaka 2006. Humo mchezaji hujenga makazi, na makazi yakipata watu na utajiri, magoblini huja. Angalau wanakuja kwa sababu: penye mali ndipo wanapokuja. Tena huja kwa siri kuiba watoto. Na mtoto aliyeibwa hafi lazima; hukulia kwa magoblini, na miaka ikipita anaweza kurudi akiwa katika jeshi linalokuja kukuzingira. Fikirini hayo, enyi wazazi. Yule mvamizi langoni ni mwana wa kijiji chako mwenyewe. Mpiga mshale aliye ukutani anamlenga mtoto wa jirani yake. Hatujui kama ndugu hao walikusudia fundisho lolote, lakini fundisho liko pale: nyuma ya kila mvamizi upo mlango aliotokea, na mara nyingine ni mlango wetu.

Sasa tufanye nini? Tunawaachia vijana maswali matatu, wayaweke mezani kabla dadu hazijarushwa. Kijiji hiki kinaitwaje, na ni akina nani watano wanaoishi humo? Wavamizi wametoka wapi, na wamekosa nini? Na mmoja wao akitupa silaha chini, tutamfanyaje? Asiyeweza kuyajibu hajawa tayari kusimulia. Wala msihofu kwamba huruma itawapunguzia alama. Kitabu cha msimulizi cha mwaka 2014 chenyewe kinasema kwamba adui huhesabiwa ameshindwa kwa kuuawa, kwa kukimbizwa, au kwa kutekwa, na malipo ni yale yale. Kanuni haikuwalazimisha kuua. Mlichagua.

Na kama mnataka mfano wa msimulizi bora, anao Kanisa tangu karne nyingi. Simulizi za Mtakatifu Fransisko wa Asizi zinasema kwamba mji wa Gubbio, Italia, ulivamiwa na mbwa mwitu mkubwa mno, aliyekula kwanza mifugo, kisha watu. Watu hawakuthubutu kutoka nje ya malango. Huo, wapendwa, ni uvamizi wa zimwi kama ule wa vitabuni, na mji unamngoja shujaa. Fransisko alitoka bila silaha, akamwita ndugu, na akawaambia watu jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: mnyama huyu ana njaa. Akapatanisha. Mji utamlisha, naye hatamdhuru mtu. Kwa miaka miwili alipita nyumba kwa nyumba akila, na alipokufa kwa uzee mji ulimlilia.

Tulimrudia yule mama tukamjibu: usikichome. Badala yake keti nao Jumamosi moja, na wakikichoma kijiji, wewe uliza jina lake. Alicheka, lakini alikwenda. Ametuarifu kwamba alipouliza, mezani pakawa kimya, kisha mwanawe akachukua kalamu. Kijiji kile sasa kina jina, tena ni jina la bibi yake mzaa mama. Goblini mmoja amekamatwa akiwa hai. Bado wanabishana wamfanye nini, na mabishano hayo yamewachukua Jumamosi mbili. Hatujui yatakwishaje. Tunachojua ni kwamba vijana watano wameketi wakifikiria maisha ya adui aliyejisalimisha, na hatukumbuki lini sisi watu wazima tulifanya hivyo kwa Jumamosi mbili mfululizo.